Kushusha Dinga Bila Kuiua: Venye Unaseti Koilova na Shoki za Kurekebisha Kwa Gari Ndogo

Kila msee mwenye ako na Fit, Demio ama Vitz ashawahi simama kando ya gari, akaangalia ile nafasi kati ya tairi na madigadi, akasema: hii kitu lazima ishuke. Anasaka koilova za ex-Japan, fundi anazifunga mchana mmoja, dinga inalala chini kaa nyoka, picha zinaingia stetasi. Wiki chache baadaye tairi zimelika upande wa ndani, gari inaruka kaa mbuzi kwa kila bampu, na mathe amekataa kubebwa kwenda kanisa.

Shida si koilova. Shida ni ati zilifungwa tu, hazikusetiwa. Na hii si story ya starehe peke yake. Springi na shoki ndizo zinashikilia tairi kwa lami ukipiga breki na ukikata kona. Ukizikosea unaweza pata paipu ya breki imesuguliwa na tairi hadi ikatoboka. Hapo hatuongei tena juu ya kupendeza.

Basi soma hii polepole, hata kama kazi itafanywa na fundi. Angalau utajua kumuuliza maswali.

Koilova ni nini hasa

Springi inabeba uzito wa gari. Shoki inazuia springi isiendelee kudunda baada ya kupiga shimo. Hizo ni kazi mbili tofauti, usizichanganye.

Koilova ni shoki yenye mwili wake umechongwa nyuzi kaa bolti, halafu springi inakalia kola inayozungushwa juu na chini. Ukizungusha kola, gari inapanda ama inashuka. Zenye ni poa zaidi ziko na nyuzi pia pale chini kwa mguu wa shoki, so unaweza badilisha urefu wa shoki yote bila kugusa springi. Halafu nyingi ziko na nobu ya kliki juu, ya kufanya shoki iwe ngumu ama laini. Zingine ziko na kliki 16, zingine 30 ama 32.

Hiyo nobu haigusi springi. Msee akikwambia amefanya springi ngumu kwa kuzungusha kliki, mwache tu aendelee.

Nyuma ya gari ndogo kuna siri

Chukua Honda Fit ya kwanza, ile ya mwili wa GD, yenye imejaa mtaani. Mbele iko na strati ya McPherson: shoki imeingia ndani ya springi. Hapo koilova inaingia vizuri kabisa. Lakini nyuma kuna boriti moja inayounganisha tairi mbili, springi imekaa pekee yake, na shoki imesimama pekee yake. Demio ya mwili wa DE pia iko hivo.

Maana yake ni hii: "koilova" ya nyuma kwa hizi gari ni springi yenye kikombe cha kuzungusha, na shoki kando. Mbele, ukishusha kola 10 mm, gari inashuka karibu 10 mm. Nyuma, ju springi imekaa mbele ya ekseli, 10 mm ya kikombe inaweza kuwa zaidi ya 10 mm kwa tairi. So usizungushe nyuma raundi sawa na mbele ukidhani itatoka sawa. Pima kwa madigadi, usihesabu raundi.

Kabla utoe pesa

Kama unasaka za mtumba pale Grogan ama kwa msee wa mtandao, angalia hivi vitu:

- Kodi ya mwili. Fit si Fit tu. GD1 na GD3 ni za tairi mbili kusukuma, GD2 na GD4 ni za tairi nne. Nyuma yake haifanani. Soma kodi kwa logbuku ama kwa ile kibati ya gari, halafu linganisha na namba ya koilova.
- Mafuta. Fimbo ya shoki ikiwa na mafuta mbichi, hiyo shoki imeenda. Toa mkono.
- Fimbo yenyewe. Ikiwa na mikwaruzo ama kutu, itakula sili ndani ya muda mfupi.
- Kola. Mwambie muuzaji aizungushe mbele yako. Zikishikana na kutu, umenunua springi za urefu mmoja.
- Nobu. Hesabu kliki zote nne. Ikizunguka bila kuhisi kitu, imevunjika ndani.
- Namba kwa springi. Ikiandikwa 5K ama 5 kg/mm, ni ati inahitaji kilo 5 ndio ijikunje 1 mm.

Hiyo namba ya mwisho ndio wasee huruka. Fit ni nyepesi, iko karibu na tani moja. Kwa barabara zetu, mbele kitu kaa 4 hadi 5 kg/mm inatosha. Springi ya 10 kg/mm ilitengenezwa kwa msee wa treki, si wa Outering Road.

Pima kabla ufungue bolti hata moja

Weka gari mahali pako sawa, presha ya tairi sawa, buti tupu. Chukua tepu, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne. Andika kwa simu. Usipime kutoka chini, ju tairi iliyolika itakudanganya.

Hizo namba nne ndio ramani yako. Bila hizo, utakuwa unashusha gari kwa macho, na macho ya msee mwenye ametoka kununua koilova hayaaminiki.

Kufunga: vitu vinaweza kukuumiza

Jeki pekee haibebi gari. Weka stendi za chuma pande zote mbili, na tairi ulizotoa zilaze chini ya gari. Mawe na matofali, zii. Matofali hupasuka bila kutoa onyo.

Ukitoa strati ya zamani, usifungue ile nati ya katikati juu kabla springi haijakunjwa na kifaa chake. Springi ya kiwandani imebanwa na nguvu ya kutosha kuvunja taya. Kama hauna kifaa, wacha strati ikae nzima uweke kando. Koilova mpya kawaida huja zishapangwa.

Kwa Fit, kofia za strati za mbele zimejificha chini ya ile plastiki ya waipa. Toa waipa kwanza, usivunje plastiki kwa kuvuta.

Halafu hizi nne, simama nyuma ya fundi hadi zifanywe:

1. Paipu ya breki na waya ya ABS zirudi kwa vishikio vyake, si kufungwa na kamba ya plastiki popote tu.
2. Bolti zenye zinapita kwa bushi za raba zikazwe mwisho tairi zikiwa chini, gari imebeba uzito wake. Ukizikaza gari ikining'inia, raba inakaa imejipinda kila siku hadi ipasuke.
3. Nati za tairi zikazwe na spana ya toki. Kwa Honda ni 108 Nm. Zile zingine, fuata kitabu cha gari na karatasi ya koilova.
4. Zungusha stelingi mwisho kushoto na mwisho kulia, gari ikiwa chini. Angalia kama tairi inagusa springi, paipu ama madigadi. Ikigusa saa hii imesimama, fikiria ikiwa 80.

Prilodi: uongo mkubwa wa mtaa

Prilodi ni venye springi imekunjwa kabla gari ikae juu yake. Mtaani utaambiwa ati ukikaza kola, springi inakuwa ngumu. Apana. Springi ya 5 kg/mm inabaki 5 kg/mm hata ukiikaza ulie.

Cheki hesabu. Tuseme kona moja ya mbele inabeba kilo 275. Na springi ya 5 kg/mm, itajikunja 55 mm gari ikishuka chini. Sasa ukikaza prilodi 10 mm, springi itaongeza 45 mm tu, ju 10 ishafanyika. Gari inakaa juu 10 mm zaidi, na tairi inabaki na 45 mm za kushuka ikikuta shimo. Ugumu ni ule ule. Umeiba tu nafasi ya tairi kushuka.

Hiyo nafasi ni muhimu. Tairi isipoweza kushuka kwa shimo, inaning'inia hewani. Tairi ya hewani haipigi breki na haikati kona. Ndio maana springi ya 10 kg/mm ni mateso: itajikunja 27 mm hivi pekee, so shimo dogo tu linatosha kuinua tairi.

Anza hivi: shoki ikiwa imenyooka yote, kaza kola hadi springi isicheze kwa mkono, halafu ongeza 2 hadi 5 mm, ufunge kola ya pili. Imeisha. Kama koilova yako iko na nyuzi za chini, urefu wote uliobaki ufanye huko. Ila usizungushe mguu wa chini hadi nyuzi zibaki chache ndani. Kiwanda huandika kiasi cha mwisho, kiheshimu.

Kama yako ni ya kola moja tu, kuna kikomo cha kushuka. Ukishusha hadi springi icheze gari ikiinuliwa na jeki, siku moja itaruka kwa kiti chake ikae vibaya. Ukiskia kelele ya chuma ukitoka kwa bampu, anza hapo.

Shusha kiasi gani?

Kwa gari ya kila siku, 20 hadi 30 mm kutoka pale ilikuwa. Najua hiyo si picha uliyokuwa nayo kichwani. Sikiza sababu.

Ukiangalia chini mbele, kuna mkono wa chini unaoshika tairi. Gari ikiwa sawa, mkono huo umelala ama unaelekea chini kidogo upande wa tairi. Ukishusha sana, unaanza kuelekea juu. Hapo mambo matatu yanaharibika pamoja. Gari inalala zaidi kwa kona hata kama springi ni ngumu. Stelingi inajivuta yenyewe ukipiga bampu. Na draivshafti inafanya kazi ikiwa imepinda, so buti zake za raba na jointi zinaisha mapema. Yaani unalipa pesa ndio gari ikate kona vibaya kuliko ya kiwandani.

Pia kuna safari ya shagz Disemba. Tuseme abiria na mizigo wameongeza kilo 200 kwa ekseli ya nyuma, kilo 100 kila upande. Ikiwa nyuma iko na nguvu ya 2.5 kg/mm kwa tairi, hiyo ni 40 mm imeshuka tena. Kama ulikuwa umeacha 40 mm pekee, saa hii umekalia raba ya kuzuia, na bampu zingine za barabara kuu hazina hata rangi.

Hii ndio njia rahisi ya kujua. Funga kamba ndogo ya plastiki kwa fimbo ya shoki ya mbele, iteremshe hadi iguse mwili wa shoki. Endesha njia yako ya kawaida, urudi uangalie. Mahali kamba imesukumwa ndio shoki ilifika. Ikiwa inasukumwa hadi kwa raba ya kuzuia kila siku, uko chini sana. Inua 10 mm, urudie. Ukimaliza, toa kamba.

Kushoto na kulia, tofauti ya 5 mm usilie nayo. Usijaribu kumaliza kila milimita kwa kuzungusha kona moja. Gari ni kaa meza ya kibanda yenye mguu mmoja mrefu: ukiinua kona ya mbele kulia, unaongeza uzito hapo na kwa nyuma kushoto, zile kona zingine mbili zinabaki nyepesi. Ukipiga breki, gari inavuta upande. Zungusha pande zote mbili pamoja, na upime wewe ukiwa umekaliwa na mbogi mwenye uzito kaa wako kwa kiti cha dereva.

Kliki: polepole ndio mwendo

Zungusha nobu yote hadi ikaze, na vidole tu, usitumie plaisi. Hapo ndio sufuri. Hesabu ukirudi nyuma. Kushoto na kulia ziwe sawa kila wakati.

Kwa koilova nyingi za nobu moja, kliki inabadilisha zaidi ile nguvu ya shoki kunyooka baada ya kukunjwa. Kumbuka hivo, itakusaidia hapa chini.

Weka zote laini kabisa. Chagua njia fupi unayoijua: bampu moja, kona moja, kipande cha lami mbaya. Endesha kwa spidi ile ile, na ndani ya mtaa ni 50 km/h, so hakuna haja ya kujiletea karao. Halafu rudi uongeze kliki 2, endesha tena. Andika kila mara. Utafika mahali gari inapiga bampu, inarudi mara moja, inatulia. Simama hapo. Ukiendelea, haitakuwa bora, itakuwa ngumu tu.

Hizi ndizo dalili:

- Inaelea na kudunda mara mbili tatu baada ya bampu: laini sana, ongeza 2.
- Unaskia kila kokoto kwa meno: ngumu sana, punguza 3.
- Kwa murram yenye mawimbi, gari inazidi kulala chini kila sekunde: shoki inanyooka polepole sana, haipati muda wa kurudi kabla ya wimbi lingine. Punguza 3. Hii wengi hudhani ni springi laini, wanaongeza kliki, inakuwa mbaya zaidi.
- Pua inakataa kuingia kona: punguza mbele 1 ama 2. Usikimbilie kufanya nyuma ngumu. Mvua ikinyesha, nyuma ngumu ndio itakuzungusha.
- Kugonga "tok tok" kwa spidi ndogo: si kliki. Angalia nati ya juu, linki za stebilaiza, na springi kama inacheza.

Alaimenti ni mwisho, si mwanzo

Springi mpya hulala kidogo. Endesha kati ya kilomita 50 na 100, pima tena madigadi, kaza tena kila bolti uliyogusa. Sasa ndio uende alaimenti. Ukienda kabla, utalipa mara mbili.

Gari ikishuka, tairi za mbele zinabadilisha venye zinaangaliana. Hiyo ndio inakula tairi haraka kushinda ile ya kulala ndani. Mwambie fundi aweke karibu na sufuri. Tairi kulala ndani, digrii 1 hadi 1.5 mbele inatosha kwa barabara. Nyuma yenye boriti hairekebishwi kwa bolti. Ikiwa imepinda, inahitaji vibati maalum. Mwenye anakuambia ameirekebisha na spana, muulize ametumia bolti gani.

Halafu seti taa. Pua ikishuka kuliko nyuma, unaangaza miguu yako. Nyuma ikishuka zaidi, unapofusha wenye wanakuja. Na mwambie msee wa bima ati gari imebadilishwa, ju siku ya ajali si siku ya kuelezea.

Kuzitunza

Vumbi na matope hukaa kwa nyuzi. Ukiosha gari, osha na hapo, halafu paka grisi ya kuzuia kushikana. Kama uko Mombasa ama popote karibu na bahari, fanya hivo mara nyingi zaidi, ju chumvi haina huruma. Kila miezi mitatu hivi legeza kola, zungusha, rudisha pale ilikuwa. Weka alama na maka kabla uanze.

Kila ukibadilisha oili, angalia fimbo kama ziko na mafuta, paipu za breki kama zimekwaruzwa, na tairi upande wa ndani, kwa kupitisha mkono. Huo upande wa ndani hauonekani ukisimama kando, na ndio hupasuka ukiwa Thika Road.

Bajeti pia ipange hivo. Usihesabu bei ya koilova peke yake. Weka kando ya kufunga, ya alaimenti, na ya linki fupi za stebilaiza kama za zamani zitagusa. Kama pesa inatosha koilova tu na hakuna ya alaimenti, ngoja mwezi mwingine. Shoki mpya za kawaida zenye zimefungwa vizuri zinashinda koilova zenye zimefungwa na hamu.

Na ukimaliza, siku ya kwanza beba mathe. Asipolalamika hadi mfike kanisa, umeseti poa.